Aliyeifunga Koki

Mjini pale hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Barafu, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala wa jina lolote. Jina lilimganda tangu alipokuwa fundi wa majokofu, akizunguka na begi la vifaa begani, leo buchani, kesho hospitali, keshokutwa chumba cha maiti, popote palipokuwa na mashine iliyogoma kupoza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: akishatengeneza mashine haondoki. Atavuta ndoo, atakaa, ataisikiliza ikizunguka na kutulia, ikizunguka tena na kutulia tena, mpaka moyo wake uridhike. Ndipo hufunga begi.

Baba yake alikuwa mchimba madini. Alishuka mgodini akiwa kijana, akapanda mzee, mapafu yamejaa vumbi la mawe. Mgodi ulipofungwa kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuchimbwa, alirudi nyumbani na kikohozi chake na redio yake, akawa anaishi na binti yake huyo. Kwa hiyo siku binti alipomwambia amepata kazi kulekule chini, mzee alizima redio.

"Kazi gani? Kule tulikomba mpaka kuta."

"Hawachimbi, Baba. Wameweka tangi."

"Tangi la nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu hata yeye alikuwa ameelezwa siku hiyohiyo, na aliyemweleza alikuwa anaongea haraka kama mtu anayewahi gari. Alikuwa mwanasayansi, mama wa makamo, mfupi, sauti ya kukwaruza, miwani imefungwa kamba shingoni. Wote walimwita Dokta. Alikuwa amesikia kwamba chumba cha chanjo cha hospitali ya mji hakijawahi kupata joto tangu fundi fulani akabidhiwe, akamfuata fundi huyo mpaka kwenye bucha moja, akaanza kumwaga maelezo katikati ya mapaja ya ng'ombe.

Alisema hivi. Vitu vyote tunavyovijua, meza hii, nyama hii, damu yetu, jua, vimejengwa kwa chembe ndogo ambazo wanasayansi wamezipanga katika nadharia moja. Nadharia hiyo imepimwa kwa mashine kubwa kuliko vijiji, ikaulizwa maswali ya kila namna, na karibu kila mara imejibu sawasawa. Lakini ukiinua macho ukaiuliza kwa nini makundi ya nyota yanazunguka kwa kasi vile bila nyota kurushwa nje kama tope kwenye gurudumu, inanyamaza. Kuna kitu kinazishikilia. Ni kizito kuliko vyote tunavyoviona vikiwekwa pamoja, hakitoi mwanga, hakizuii mwanga, na katika ile nadharia nzuri hakina hata kiti cha kukalia.

"Sasa tunakitegea," alisema Dokta. "Huko chini kabisa, ambako mwamba unatukinga na mvua ya chembe zinazotoka angani. Tuna tangi la gesi inayoitwa zenoni. Tumeipoza mpaka imekuwa kimiminika. Kitu hicho kikipita na kugonga hata atomu moja, itatoka cheche ya mwanga, ndogo mno, na tuna macho ya kielektroniki yanayoiona. Ila baridi isiyumbe. Si mwezi, si mwaka. Isiyumbe kabisa."

"Baridi kiasi gani?"

Dokta akamtajia. Mama Barafu akafuta mikono kwenye aproni. "Hiyo si baridi," alisema. "Hiyo ni adhabu. Nitakuja kuiona."

Jioni ile akamsimulia baba yake kwa kifupi: kuna kitu kinashikilia nyota, hakionekani, tunasubiri kigonge tangi.

"Na kisipogonga?"

"Tutaendelea kusubiri."

Mzee akamtazama kwa huruma anayotazamwa nayo mtu aliyetapeliwa mchana kweupe. "Sisi tulishuka tukapanda na dhahabu ya watu," alisema. "Nyinyi mtapanda na nini?"

Walipanda na ukimya, mwaka baada ya mwaka. Mama Barafu akawa mkuu wa upozaji, na baadaye akapewa pia dhamana ya usalama wa zamu, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kila bomba linaanzia wapi na linaishia wapi. Asubuhi alishuka na lifti ya wachimbaji, ile ya kizamani ya vyuma vitupu, iliyoendeshwa na mzee mmoja mwenye mzaha ambaye wote walimwita Polepole. Chini walipita handaki lililopakwa chokaa, wakavua viatu, wakavaa mavazi meupe, wakaingia katika chumba kikubwa kilichochongwa ndani ya mwamba. Katikati yake ndipo liliposimama tangi, kubwa, linang'aa, limezungukwa na mabomba. Halikufanya chochote. Wageni waliokuja kulitazama walichoka haraka.

Yeye hakuchoka. Alilisikiliza. Pampu ilikuwa na mlio wake, feni za kusukuma hewa zilikuwa na wake, na alijua kwa sikio kama kuna kilichobadilika. Dokta alimheshimu kwa hilo, naye alimheshimu Dokta kwa jambo jingine: mwanamke yule alikuwa tayari kuishi maisha yake yote na swali moja na asione haya kusema kwamba hana jibu. Hawakuwa marafiki hasa. Mmoja alisema "Fundi", mwingine "Dokta", na kazi ikaenda.

Kisha mwaka wa mwisho wa jaribio, siku moja walipokuwa wanavua mavazi, Dokta alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Kuna cheche," alisema kwa sauti ya chini.

"Cheche gani?"

"Chache tu. Lakini ziko mahali panapotakiwa, na zina sura inayotakiwa. Inawezekana ni uchafu. Hata chuma cha tangi kina mionzi yake kidogo, na mwamba una yake. Kama ni uchafu, hazitaongezeka sana. Kama ndicho chenyewe, zitaongezeka mpaka mtu asiweze kubisha." Alivua miwani akaipangusa. "Sijamwambia mtu wa nje. Ukitangaza leo halafu kesho ikawa uchafu, hakuna atakayekusikiliza tena. Nahitaji miezi michache, Fundi. Nipe baridi mpaka mwisho wa mwaka, basi."

"Baridi ipo, Dokta," alisema Mama Barafu. Tangu siku hiyo akawa anakagua kila bomba mara mbili, maana sasa tangi lilikuwa na kitu cha kupoteza.

Umeme ulikatika asubuhi moja, wakati wenzao wote walikuwa wamepanda juu kwa mkutano. Chini walikuwa yeye na Dokta tu. Taa zilizimika, za dharura zikawaka, rangi ya njano hafifu. Walisubiri jenereta. Iliwaka huko juu, walijua kwa sababu pampu ilinguruma tena na feni zikaanza, kisha kila kitu kikapungua sauti na kufa. Ukimya uliofuata haukuwa ule waliouzoea.

Simu ya mgodini, ile ya waya isiyotegemea umeme wa mji, ililia. Alikuwa Polepole.

"Jenereta imekufa," alisema, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha kwenye sauti yake. "Wanaifungua sasa. Lifti haipandi. Mko wangapi?"

"Wawili."

"Kaeni karibu na chumba cha usalama."

Mama Barafu alikuwa tayari anatazama geji, kipimo cha msukumo wa gesi tangini. Kimiminika kile kikipata joto hugeuka gesi, na gesi ikikosa pa kwenda husukuma. Mshale ulikuwa umeanza kupanda. Juu ya tangi palikuwa na kisahani chembamba cha chuma kilichowekwa makusudi kipasuke kabla tangi lenyewe halijapasuka. Kikipasuka, zenoni yote itatoka kwa bomba na kupotea hewani. Gesi hiyo huchujwa kidogokidogo kutoka kwenye hewa ya kawaida, na ile waliyokuwa nayo iliwachukua miaka kuikusanya.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kufungua koki ya naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, ambayo ilihifadhiwa kwenye pipa kubwa karibu na mlango, ipite kwenye mabomba na kulipoza tangi kwa mkono bila mashine. Ya pili ilikuwa kwenda nyuma ya tangi, kuzungusha gurudumu la koki nyingine, na kuiachia zenoni ikimbilie kwenye mitungi ya akiba. Ya pili ingeokoa gesi, lakini ingeua jaribio. Kuisafisha upya na kuirudisha ilikuwa kazi ya miezi mingi ambayo hawakuwa nayo.

"Naitrojeni," alisema Dokta.

"Naitrojeni," alikubali Mama Barafu, akavaa glavu nene, akafungua.

Bomba lilipiga kelele, likaota ukungu. Walisimama bega kwa bega wakitazama geji. Mshale ulipanda, ukasita, ukaanza kushuka. Dokta alishusha pumzi.

"Mimi nakwenda kukaa kwenye gurudumu," alisema. "Kukiwa na lolote nitafungua. Wewe kaa hapa na koki yako."

"Chukua kifaa cha kupumulia."

"Kizito hicho. Niko hapo nyuma tu." Akaenda, tochi mkononi, akapotea nyuma ya tangi. Vifaa vyote viwili vya kupumulia vilibaki vinaning'inia ukutani kando ya mlango.

Mama Barafu aliusikia mlio kabla ya kuona chochote. Ulikuwa mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Akainama. Kutoka upande wa nyuma ya tangi ukungu mweupe ulikuwa unatambaa sakafuni, polepole, ukijaza pembe za chumba. Kiungio cha bomba kilikuwa kimepasuka kwa baridi ya ghafla, na naitrojeni ilikuwa inamwagika chumbani. Kwa siku ya kawaida feni zingeifagia. Leo feni zilikuwa zimekufa.

Yeye alijua vizuri jambo ambalo watu wengi hawalijui. Naitrojeni si sumu, haina harufu, haiwashi koo. Inachukua tu nafasi ya hewa. Mtu aliye ndani yake hasikii kukabwa. Anajisikia vizuri, anachangamka, kisha anaanguka.

King'ora cha oksijeni kikalia.

"Dokta, toka."

"Inashuka, Fundi," sauti ikajibu kutoka nyuma, tulivu kabisa. "Naiona hapa kwenye geji ndogo. Inashuka vizuri."

"Kiungio kimepasuka. Hewa inaisha huko. Toka sasa hivi."

"Nipe dakika chache. Usiiguse naitrojeni. Ukiifunga inapanda tena, na mimi itabidi nifungue hapa, na tutakuwa tumemaliza kila kitu. Dakika chache tu, umeme utarudi."

"Dokta, ukungu umekufika wapi?"

Dokta akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha raha, na katika miaka yote ile Mama Barafu hakuwahi kumsikia Dokta akicheka namna ile.

Mkono wa Mama Barafu ulikuwa kwenye koki; ikibaki wazi, hewa ya kule nyuma ingekwisha kabla hajavaa kifaa na kumfikia. Baadaye watu wengi walimuuliza aliwaza nini, naye alisema ukweli kwamba hakuwaza mengi. Aliziona zile cheche chache, ambazo hakuwahi kuziona kwa macho. Aliwaza pia kwamba huenda umeme ungerudi wakati uleule, hata kabla hajamaliza kuzungusha. Kisha akafunga. Alifunga mpaka mwisho, akakaza.

Mlio ulikatika. Akavaa kifaa kimoja, akakamata cha pili, akaingia kwenye ukungu.

Dokta alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu, kichwa kimeegemea bomba, macho wazi. Alipovishwa barakoa alijaribu kuivua, kwa upole, kama mtoto anayekataa kofia. Mama Barafu alimkamata kwapani kwa mkono wa kushoto. Na hapo, akiwa anamnyanyua, akaliona lile gurudumu. Alilishika kwa mkono wa kulia, akavuta. Lilikuwa limeganda. Akavuta tena kwa uzito wa mwili wake wote, likalegea, likazunguka nusu tu. Dokta akateleza kutoka mkononi mwake, akaanza kwenda chini. Mama Barafu akaliacha gurudumu, akamkumbatia kiunoni, akamburuta.

Chumba cha usalama kilikuwa upande wa pili wa handaki. Mlango mzito, mitungi yake ya hewa, betri zake, simu, na geji inayorudia usomaji wa ile ya tangini. Alimlaza Dokta kwenye benchi, akafunga mlango, akakaa chini.

Dokta alitapika, akakohoa. Kisha akageuza macho kwenye geji.

"Nani amefunga?"

"Mimi."

"Ilikuwa inashuka."

"Wewe ulikuwa unashuka kuliko hiyo."

Wakatazama mshale pamoja. Ulikuwa unapanda, si kwa haraka, ila bila kusita.

"Gurudumu lilifunguka?" aliuliza Dokta.

"Nusu."

"Nusu haitoshi. Itahama, lakini si kwa kasi ya kutosha." Alifunga macho. Alikuwa anapiga hesabu, midomo inacheza. "Nikirudi nikalimalizia..."

Mama Barafu alinyanyuka, akaenda kusimama mbele ya mlango. Wakatazamana, mmoja amekaa na matapishi kifuani, mwingine amesimama na mikono yake mikubwa imening'inia, na wote wawili wakajua kwamba kama Dokta angenyanyuka, wangepigana.

Simu ikalia. Mama Barafu aliipokea bila kuondoka mlangoni, waya umenyooka kwa kuvutwa.

"Yupo mtu hapa ananisumbua," alisema Polepole. "Amekuja kwa miguu na fimbo yake, amekohoa njia nzima. Ongea naye kabla hajanifia hapa."

"Mwanangu," ilisema sauti ya baba yake.

"Baba, nani amekwambia?"

"Mji mzima umeambiwa. Umeumia?"

"Hapana."

"Mwenzako?"

"Yuko hai. Amekasirika."

"Mwache akasirike. Anayekasirika anapumua." Mzee alikohoa, ikachukua muda. "Sikiliza. Mlango huo usiufungue kwa sababu yoyote mpaka feni zisikike. Si mpaka taa ziwake, mpaka feni zisikike. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Haya. Mimi nipo hapa juu. Polepole amenipa kiti kibovu."

Mshale ulipofika karibu na alama nyekundu ulipunguza mwendo, na kwa muda ulisimama palepale, ukitetemeka. Dokta alikuwa amekaa mbele, viganja vimebana magoti. Nusu ile ya gurudumu ilikuwa inafanya kazi yake, gesi ilikuwa inakimbilia mitungini. Mama Barafu naye alijikuta anausihi mshale kimoyomoyo, maskini, kaa hapo, kaa hapohapo. Kisha ukapanda kidogo tu. Walisikia kishindo, si kikubwa, kilichopita kwenye mwamba na kuingia miguuni mwao. Mshale ukaanguka mpaka sifuri.

Dokta aliinamisha kichwa akalia bila sauti. Mama Barafu alibaki mlangoni.

Umeme ulirudi baada ya muda si mrefu. Na kwa kweli huo ufupi wa muda ndio uliokuja kuuma.

Ilikuja kujulikana kwamba sehemu kubwa ya zenoni ilikuwa imeshahamia mitungini, na iliyopotea ilikuwa kama theluthi. Lakini jaribio lilikuwa limekwisha. Kamati ya uchunguzi iliwaita wote wawili katika chumba chenye meza ndefu, na mwenyekiti akamuuliza Dokta swali ambalo kila mtu alikuwa nalo.

"Kama koki isingefungwa, tangi lingepona?"

"Nimepiga hesabu mara nyingi," alisema Dokta. "Naitrojeni iliyokuwepo ingetosha mpaka umeme uliporudi. Ndiyo, lingepona."

Mama Barafu alitazama meza.

"Na wewe?" aliuliza mwenyekiti.

"Mimi nisingekuwepo hapa kuwaeleza."

Kamati ikaandika kwamba mkuu wa usalama alifanya alivyopaswa kufanya. Walipotoka Dokta alipita ukumbini haraka, kama kawaida yake, bila kugeuka. Hakumlaumu mwenzake, hakumshukuru. Mama Barafu alirudi kwenye begi lake la zamani na majokofu ya mji. Alitengeneza, akakaa kwenye ndoo, akasikiliza. Ila sasa alisikiliza mpaka wenye maduka wakaanza kumuuliza kama anaumwa.

Matokeo yalipotangazwa alikwenda. Ukumbi ulijaa. Alikaa nyuma kabisa na baba yake, ambaye alikuwa amevaa koti na kuahidi kutokohoa. Dokta alisimama mbele peke yake, mdogo chini ya skrini kubwa, akaeleza kwa sauti yake ya kukwaruza. Walitega, walisubiri, waliona cheche chache. Nyingine zinaelezeka kwa uchafu. Zilizobaki huenda ni uchafu ambao hawajaujua, huenda ni bahati ya hesabu, huenda ni kile kitu chenyewe.

"Kwa idadi hii siwezi kusema nimekiona," alisema. "Na siwezi kusema sikukiona. Nadharia tuliyonayo imefika ukingoni mwake, na sisi tumesimama hapo ukingoni tukasikia kama hatua za mtu. Zaidi ya hapo nitakuwa nawadanganya."

Mwandishi mmoja wa habari alinyoosha mkono. "Mngekuwa na ile miezi iliyobaki, mngejua?"

Mama Barafu alimtazama Dokta.

"Nadhani ndiyo," alisema Dokta. "Kwa namna moja au nyingine tungejua."

Ukumbi ulinong'ona. Mzee aliinama sikioni mwa binti yake. "Mbona hasemi kwa nini miezi haikupatikana?"

"Amenyamaza kwa ajili yangu, Baba."

"Au kwa ajili yake mwenyewe," alisema mzee. Akavunja ahadi, akakohoa, na kichwa cha Dokta kikageuka. Akawatazama wawili wale wa nyuma kwa kitambo, kisha akachukua swali linalofuata.

Dokta alikuja nyumbani kwao wiki hiyohiyo, mchana, bila kupiga simu. Mzee ndiye aliyemfungulia.

"Wewe ndiye uliyekataa kutoka?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Nilifanya kazi na watu wa namna yako. Wazuri sana. Kuwatafuta ndiko kulikuwa kunatuchosha." Akampisha apite.

Mama Barafu alikuwa jikoni anaosha vyombo. Dokta alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Nilikuchukia," alisema. "Nadhani ni haki yako kujua. Si siku moja tu. Kila nilipozitazama zile cheche nilikuona umeshika ile koki."

"Nilijua."

"Hesabu zangu zilikuwa sahihi."

"Sijawahi kusema hazikuwa sahihi." Mama Barafu aliweka sahani pembeni. "Mimi nilisikia kicheko chako, Dokta. Hukuwepo kukisikia."

Dokta alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Kisha akaeleza kilichomleta. Tangi jingine limekubaliwa, kubwa mara nyingi kuliko lile. Litajengwa mlemle mwambani. Alihitaji mtu wa baridi.

"Tafuta kijana," alisema Mama Barafu.

"Nimewaona vijana. Wanakubali kila ninalosema."

"Nami nikirudi, koki zote ziko chini yangu. Hata gurudumu la nyuma. Nikisema toka, unatoka, cheche au si cheche."

"Na nikikataa?"

"Nitafunga, kama nilivyofunga. Na wewe utanichukia tena."

Dokta alifikiri kwa uzito, kwa sababu alikuwa mtu asiyeahidi asichoweza. "Nitakuchukia," alisema mwishoni. "Lakini nitatoka."

Mama Barafu alirudi kazini mwaka uleule. Ujenzi ulichukua muda mrefu, na mafundi waliomtembelea mgodini walimkuta akikataa viungio vya mabomba kwa makumi, akivirudisha kwenye maboksi na kuomba vingine. Gurudumu la kuhamishia lilisogezwa mpaka mlangoni. Vifaa vya kupumulia havikuning'inizwa tena ukutani. Kila aliyeingia alivaa chake kiunoni, na Dokta alilalamika kwamba kinamuumiza nyonga, akakivaa hivyohivyo.

Swali lenyewe halikumwondoka Mama Barafu. Lilimjia akiwa kwenye foleni ya dukani, au anachana nywele: angesubiri kidogo tu, pumzi mbili tatu, ingekuwaje? Aliliacha lije, akaliacha lipite. Tangi jipya lilipojazwa na kuanza kupozwa, alisimama kando yake na Dokta, bega kwa bega, wakitazama mshale ukishuka taratibu kuelekea pale unapotakiwa kukaa. Ilichukua siku nyingi. Dokta aliuliza mara kwa mara kama baridi iko sawa, na Mama Barafu alimjibu kwamba bado anasikiliza.